Kutazama longhorn wakiswagwa Fort Worth: mwongozo kwa mgeni wa mara ya kwanza

Tangu nihamie upande huu wa Texas, sijapata mgeni ambaye sikumpeleka kuwaona ng'ombe wa Fort Worth, na sijapata mgeni ambaye hakuuliza maswali yaleyale. Wanapita saa ngapi? Tiketi tunakata wapi? Wanakimbia? Hawatatuchoma pembe? Majibu nimeyatuma kwa ujumbe wa sauti mpaka nimechoka kujisikia. Nayaandika hapa mara moja; ukija, soma kwanza ndipo unipigie.

Habari yenyewe ni hii. Kaskazini kidogo ya katikati ya mji wa Fort Worth kuna mtaa wa kihistoria uitwao Stockyards, uliokuwa mnada na mazizi makubwa ya mifugo. Kila siku, mara mbili, kundi la maksai wa aina ya longhorn, ng'ombe wa pembe ndefu wa Texas, huswagwa katikati ya barabara ya East Exchange Avenue. Wanaowaswaga wamepanda farasi na wamevaa kama wachunga ng'ombe wa miaka ya 1880. Shughuli hii ilianza mwaka 1999, mji ulipotimiza miaka 150 tangu ulipoanza kama kambi ya jeshi mwaka 1849. Hakuna tiketi. Hakuna kiingilio. Unasimama kando ya barabara kama unayesubiri mwenge upite.

Nikuonye mapema ili usije ukanilaumu: ni jambo fupi, na ni la polepole. Ng'ombe wanatembea. Ukifumba na kufumbua wameshapita, na hakuna vumbi la kutimka wala bunduki ya kufyatuliwa hewani. Wageni wangu waliokuja na picha za sinema kichwani ndio waliosikitika. Waliotoka kwenye jamii za wafugaji ndio waliofurahi, kwa sababu walijua wanachokitazama.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

Maji, hasa kati ya Mei na Septemba. Julai na Agosti joto la hapa hupita nyuzi 38, na barabara ile ya matofali hulirudisha joto usoni kama jiko. Kofia, yoyote ile, hata ya Simba au Yanga. Mafuta ya kukinga jua kwa watoto na kwa wazee. Viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu ng'ombe ni ng'ombe, na barabara waliyopita huachiwa kumbukumbu. Simu yenye chaji na nafasi ya kuhifadhi video. Kadi ya benki ya kulipia maegesho. Mtoto wa kubebwa mlete kwa mbeleko au begi la kubebea mtoto, kuliko kigari, nitaeleza sababu.

Buti na kofia pana ya kauboi si lazima. Utaziona dukani palepale na bei yake itakurudishia akili.

Hatua kwa hatua

1. Panga saa, na uiandike kwa tarakimu.

Mpito wa kwanza ni saa 11:30 za asubuhi kwa saa ya Texas, yaani saa tano na nusu asubuhi kwa hesabu yetu. Wa pili ni 4:00 PM, yaani saa kumi jioni. Hapa ndipo tunapoumia Waswahili. Mwaka juzi nilimwandikia binamu yangu, "Tukutane Stockyards saa kumi." Yeye amekaa Marekani miaka mingi, akili yake imeshahamia kwenye saa ya Kizungu, akafika saa nne asubuhi ya kwetu, yaani 10:00 yao. Mimi nikafika jioni nikamkuta amelala ndani ya gari, ameshaona mpito wa kwanza, ameshakula mbavu, hana hamu tena na ng'ombe. Sasa nikiwaandikia ndugu naandika 4:00 PM, na naongeza neno "jioni" hata kama wananicheka.

Kama unataka kuwapigia video walioko nyumbani, chagua mpito wa asubuhi. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, 11:30 ya Texas ni saa moja na nusu usiku Nairobi na Dar es Salaam. Miezi ya baridi ni saa mbili na nusu usiku. Bukavu na Lubumbashi punguza saa moja, Muscat ongeza saa moja. Mpito wa jioni unaangukia saa sita au saa saba ya usiku kule kwetu, na bibi hatakushukuru kumwamsha aone ng'ombe wakati wake mwenyewe wamelala zizini.

Kuna siku chache kundi halitoki: Pasaka, Siku ya Shukrani ya Novemba, na Krismasi. Hali ya hewa ikiharibika pia hawatoki. Kabla ya kuwasha gari, angalia tovuti ya kundi hilo, iitwayo Fort Worth Herd.

2. Fika mapema kuliko unavyodhani.

Siku za kazi, nusu saa kabla inatosha. Jumamosi na Jumapili, nenda saa nzima kabla, kwa sababu utatumia nusu ya muda huo kutafuta pa kuegesha. Viwanja vingi vya maegesho vya karibu hulipiwa. Soma kibao cha bei na masaa kabla ya kuzima injini, kisha kipige picha. Ukirudi na ubishi mkononi utakuwa na ushahidi.

Kama umetua uwanja wa ndege wa DFW na huna gari, kuna treni ya TEXRail inayotoka uwanjani hadi Fort Worth. Kituo kilicho karibu zaidi na Stockyards kinaitwa North Side. Usidanganyike na neno "karibu": ukishuka hapo bado kuna mwendo ambao singeutembea juani na watoto. Ita gari umalizie. Ukitokea Dallas, treni ya TRE itakufikisha katikati ya Fort Worth, na kutoka hapo ni basi au gari la kuita. Ratiba ya wikendi iangalie mapema.

3. Chagua pa kusimama, kisha ushikilie.

Alama yako ni jengo la Livestock Exchange, jengo la kale lenye paa la vigae, lililojengwa 1902. Ndani yake ndimo zilimokuwa ofisi za madalali wa mifugo. Mbele yake pana nyasi, na hapo ndipo ninapowaweka wenye watoto: pana nafasi, mtoto anaweza kukaa chini, na ukichoka kusubiri una kitu cha kukalia kisicho matofali ya moto.

Kama shida yako ni picha, vuka uende upande wa pili, upande wa Stockyards Station. Barabara hii inakwenda mashariki na magharibi, na jua la Texas kwa sehemu kubwa ya mwaka hukaa upande wa kusini. Ukisimama ukingo wa kusini, jua liko mgongoni au begani, na pembe zinatoka zinang'aa. Ukisimama kwenye nyasi unapiga picha ukilitazama jua, na unarudi nyumbani na vivuli vyenye pembe.

Kosa la kawaida: kusimama kwenye kona ya Main Street kwa sababu ndiko ulikoshuka. Pale magari ni mengi, watu wanapita, huoni kitu. Ingia ndani zaidi.

Kosa jingine: kuweka kigari cha mtoto mbele kabisa kwenye ukingo. Watu wanapoanza kusukumana kigari ndicho kinachoteleza kwenda barabarani. Ndiyo maana nilisema mbeleko.

4. Zungumza na waswagaji kabla hawajaanza kazi.

Kabla ya mpito, mara nyingi utawakuta baadhi yao juu ya farasi kando ya barabara, wanaongea na watu. Usiwaonee haya. Waulize mambo mawili: leo ng'ombe wanatokea upande gani, na wanaishia wapi. Ukishajua, geuza simu upande huo na uache kuhangaika kichwa kama mwewe. Kumshika farasi, omba kwanza, na mkaribie kwa mbele anapokuona. Usimtokee nyuma, hilo hata Tarime wanalijua.

Muulize pia kuhusu mavazi yake: viatu, hatamu, ile ngozi inayofunika mapaja isichanwe na miiba. Wanapenda kueleza, na watoto wanasikiliza zaidi mtu aliye juu ya farasi kuliko wanavyomsikiliza mzazi.

5. Wakija, rudi nyuma hatua moja.

Wakati unapofika barabara hufungwa kwa magari na watu wanaombwa wakae juu ya njia ya miguu. Usishuke barabarani. Usivuke mbele ya kundi hata kama mwenzako yuko upande wa pili na ndiye aliyebeba maji. Maksai wa longhorn aliyekomaa anaweza kukaribia tani moja, na pembe zake ncha kwa ncha zinaweza kupita mita 1.8. Hana ubaya na wewe. Akigeuza kichwa kufukuza nzi tu, ile ncha imeshafagia nafasi ya mtu mzima.

Usinyooshe mkono kumgusa. Usimnyanyue mtoto umpitishe juu ya barabara ili "aone vizuri". Usifungue mwavuli ghafla, usipige mluzi, usiwaite. Najua wengine tunajua kuwaita ng'ombe, na mkono unawasha. Jizuie. Ukija na mbwa, mshike kamba fupi na ukae nyuma kabisa, au mwache nyumbani.

Swali la nguo nyekundu: vaa tu. Ng'ombe hazioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi, na hawa wameshapitia kila aina ya fulana.

6. Tazama kazi, pembe zitajionyesha zenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza dakika zao chache, macho yako kwenye skrini. Rekodi nusu, tazama nusu.

Wahesabu kwanza. Si kundi kubwa. Ni maksai chini ya ishirini hivi. Halafu waangalie wapanda farasi walivyojipanga, kwa sababu mpangilio huo ndio historia yenyewe. Wawili wako mbele, ndio usukani: wakikata kona, kundi linakata kona. Wengine wako ubavuni, wanazuia asichomoke mmoja akavuta wenzake. Nyuma kabisa yuko wa mkiani, anayesukuma wazembe. Katika safari za kweli huyo wa mkiani ndiye aliyekula vumbi la kundi zima kutwa, na kazi hiyo walipewa wageni kazini. Hilo halihitaji kutafsiriwa.

Safari za kweli zilikuwaje? Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Texas ilikuwa na ng'ombe tele na wanunuzi hakuna. Reli na bei nzuri vilikuwa kaskazini, Kansas. Kuanzia 1867 makundi yalipita njia iliyokuja kuitwa Chisholm Trail, na Fort Worth ilikuwa pa kupumzikia na kununua unga na kahawa kabla ya kuingia nyika. Mamilioni ya ng'ombe walipita hapa kwa miguu. Reli ilifika Fort Worth 1876, na mwaka 1903 kampuni za Armour na Swift zikafungua viwanda vya nyama kando ya mnada huu. Ng'ombe wakaacha kutembea, wakaanza kupakiwa.

Sasa unaelewa kwa nini hawa wanatembea polepole. Msafiri wa wakati ule hakutaka ng'ombe wake wakimbie. Ng'ombe akikimbia anakonda, na ng'ombe aliyekonda Kansas ni hasara. Waliwaacha wale majani huku wakienda, kilomita 20 hivi kwa siku, ili wafike na mwili. Yule mswagaji unayemwona amelegeza hatamu kama anayesinzia, hiyo ndiyo kazi inavyofanywa na anayeijua.

Sikiliza pia. Kundi likikaribia, watu hunyamaza bila kuambiwa, na unasikia kwato kwenye matofali: si mshindo, ni mgongano mwepesi usio na mpangilio, kama sahani nyingi zinazopangwa kabatini na mtu asiye na haraka. Angalia wawili wanapotembea bega kwa bega. Mmoja huinamisha kichwa upande, pembe moja juu, moja chini, mwenzake apate nafasi. Wanafanya hivyo bila kuguswa na mtu.

Mjomba wangu kutoka Bariadi, mtu aliyekua nyuma ya ng'ombe, alisimama mikono nyuma akawakagua mmoja mmoja kama yuko mnadani. Akasema, "Hawana nundu." Nikamwambia asili yao ni ng'ombe walioletwa na Wahispania. Akaendelea kutazama. "Na wote ni maksai. Sasa nani anawazalisha?" Nikamweleza kwamba hapa hawazalishwi, wanachaguliwa wapole wa kupita katikati ya watu, na maksai ndiye mwenye pembe ndefu zaidi, kwa kuwa aliyehasiwa pembe zake huendelea kurefuka kuliko za dume. Akatikisa kichwa. "Basi hawa ni ng'ombe wa ofisini." Wageni wa Ankole na Rwanda huwa na maoni yao tofauti, kwamba pembe za kwao ni nene zaidi kwenye shina, na ni kweli.

7. Usikimbilie gari.

Kundi likishapita, umati hutawanyika kuelekea mikahawani kwa pamoja na foleni zinajaa. Wewe nenda kinyume. Zunguka nyuma ya jengo la Livestock Exchange, kwenye mazizi ya kundi. Ukiwakuta wametulia, utawaona vizuri kuliko walivyokuwa barabarani, ukiwa nyuma ya uzio: madoa yao, chapa zao, na jinsi kila mmoja alivyo na mkunjo wake wa pembe.

Ukirudi mbele, simama kwenye ukumbi wa Cowtown Coliseum, uliojengwa 1908. Nje yake pana sanamu ya shaba ya Bill Pickett akimwangusha ng'ombe. Pickett alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Texas mwaka 1870, na ndiye aliyeanzisha mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumbwaga ng'ombe kwa pembe. Yeye alikuwa akimng'ata ng'ombe mdomo wa juu ili atulie. Inakadiriwa kwamba takribani mmoja kati ya kila wachunga ng'ombe wanne wa safari zile alikuwa mweusi, wengi waliotoka utumwani. Sinema ziliwasahau, kwa hiyo waonyeshe watoto hiyo sanamu kabla hawajadai aiskrimu.

Mambo yakienda kombo

Umefika na kundi limeshapita. Kama ni la asubuhi, subiri la jioni. Makumbusho madogo yaliyo ndani ya Livestock Exchange yatakupa kivuli na kitu cha kusoma. Kama ni la jioni, nenda moja kwa moja kwenye mazizi ya nyuma.

Mbele yako kuna majitu yenye kofia pana, huoni kitu. Usisukume. Tembea kuelekea mwisho wa njia ambako umati ni mwembamba, hata kama si mahali pazuri kwa picha. Watu hapa ni waungwana. Ukisema una mtoto au mzee, wengi watakupisha. Na Fort Worth ina familia nyingi za Wakongomani, kwa hiyo chunga unachosema kwa Kiswahili kuhusu hizo kofia. Mimi nimewahi kujibiwa na mtu wa Bukavu.

Mawingu yameanza kunguruma. Ingia ndani ya jengo, usisubiri chini ya mti. Mpito ukifutwa hakuna wa kufidia, uje kesho.

Mzee ana kiti cha magurudumu. Matofali yanatikisa. Mshushe karibu iwezekanavyo kabla ya kwenda kuegesha, na mweke upande wenye kivuli mapema, asisukumwe kupita katikati ya umati.

Simu imezima kwa joto. Iondoe kwenye kasha, iweke kivulini, usiiweke kwenye maji ya barafu. Ndugu yangu aliiweka.

Mtoto analia kwa woga. Msogeze nyuma, mbebe begani, mwache atazame kwa mbali. Wengi hunyamaza wanapoona farasi.

Mtoto anataka kumpanda ng'ombe. Kando ya barabara mara nyingi huwa kuna longhorn mmoja aliyetandikwa, wa kupigia picha kwa malipo. Huyo si wa kundi. Uliza bei kabla mtoto hajapandishwa, maana akishakaa juu huna tena nguvu ya kujadiliana.

Mgeni anauliza ng'ombe wa kundi wanauzwa bei gani. Hawauzwi. Mjomba aliuliza mara tatu, mara ya tatu kwa Kisukuma.